Mashua ya mfereji: chunga tezi, yaani nyuma ya mashua yako

Ukipata likizo ya kiangazi Uingereza, kodi mashua uingie mferejini. Sisi tulianzia Ellesmere, familia nzima, tukaufuata Mfereji wa Llangollen mpaka Wales. Leseni ya unahodha haitakiwi; unaelekezwa kidogo, unakabidhiwa kana, ule mkono wa usukani, safari imeanza. Mwendo hauzidi kilomita 6 kwa saa, na ukipita mashua zilizofungwa punguza zaidi, maana wimbi lako huweza kung'oa vigingi vyao.

Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili ya mizigo. Wa Bridgewater, uliofunguliwa 1761, ulipeleka makaa ya mawe Manchester na bei yake ikashuka karibu nusu. Farasi alivuta mashua akitembea ukingoni, na njia yake ndiyo watu wanayotembezea mbwa leo. Reli ikaja, kazi ikapotea. Wa Llangollen ulifungwa rasmi kwa vyombo mwaka 1944, ukapona kwa kuwa bado ulikuwa unapeleka maji ya Mto Dee kwenye bwawa la Hurleston. Nafurahi sana haukufukiwa! Pale Pontcysyllte, kwenye daraja la mwaka 1805, mashua hupita ndani ya hori la chuma, mita 38 juu ya mto, na upande mmoja hauna kizuizi. Watoto waingie ndani mapema.

Lakini hatari yenyewe iko kwenye loki, kile chumba cha maji chenye milango kinachopandisha na kushusha mashua. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti, na loki ikijaa hukioni. Unaposhuka, tezi ikikalia kizingiti itanasa huku omo, yaani mbele ya mashua, ikizidi kuzama. Tulipokuwa tunarudi, loki ya kwanza ya New Marton, nilikuwa namfunga mwanangu jaketi la kuokolea. Mke wangu, hendeli ya kufungulia vilango vya maji mkononi, akapiga kelele: "Baba Salma, mstari!" Ule mstari mweupe ukutani, unaoonyesha kizingiti kinapoishia, ulikuwa umeshanipita kwa mbele. Akafunga vilango vya kutolea maji, nikasogeza mashua. Ingekuwa tumeshanasa, angefunga vile vya chini kwanza, kisha afungulie vya juu polepole maji yatuinue.

Loki ya pili nilimsimamisha Salma ukingoni, mbali na maji, kazi yake moja tu: kuutazama mstari na kutaja kila mara tezi iko wapi.