"Tofauti Kubwa" ya Nukta Sita

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili. Nimelinganisha wastani wa alama za makundi mawili ya wanafunzi. Niseme "jaribio la t" au "kipimo cha t"? Na nikisema "kuna tofauti kubwa kitakwimu", nitakuwa sahihi?

JIBU: Kipimo. Jaribio ni lile ulilofanya darasani; kipimo ndicho unachopimia matokeo yake. Wastani umetoka kwenye neno la Kiarabu la katikati, na hiyo t iache ilivyo. Mwenye nayo, William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, makala yake ya 1908 aliitoa kwa jina la "Student". Wanafunzi wakiwa walewale, kabla na baada ya somo, sema kipimo cha t cha jozi. Makundi yakifika matatu, nenda kwenye uchanganuzi wa variansi, unaolinganisha wastani wa makundi yote kwa mpigo. Usiyapambanishe mawili mawili kwa t, maana kila pambano huongeza nafasi ya bahati kukuhadaa.

Sasa hiyo "tofauti kubwa". Nani aliwafundisha? Kila tasnifu ninayoishika imo, na wasimamizi wanaipigia vyema!

Chukua wilaya mbili, kila moja ina watahiniwa 40,000. Moja ina wastani wa 52.0, ya pili 52.6, na alama zimetawanyika kwa mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyokaa mbali na wastani) wa 15. Kipimo cha t kitatoa zaidi ya 5, namba ambayo bahati peke yake ni nadra kuifikia, na mtafiti ataandika bila haya: "tofauti kubwa". Nukta sita ya alama moja! Mzazi gani atamhamisha mtoto kwa hiyo? Haya, chukua watoto watano huku na watano kule, wastani 48 na 60, mchepuko uleule. t haifiki hata 1.3, namba ambayo bahati huifikia kwa urahisi. Mtafiti wetu anaandika: "hakuna tofauti kubwa". Alama 12, bwana! Kati ya 48 na 60 kuna mtoto anayechapwa na mtoto anayenunuliwa soda.

Kipimo hakikukuambia ukubwa. Kimekuambia kwamba, kama makundi hayatofautiani, ni nadra bahati peke yake kuzaa pengo kama hilo. Andika "tofauti bayana kitakwimu", kisha ukubwa wenyewe utaje kwa alama, msomaji aamue. Wapo wasemao "tofauti yenye umuhimu kitakwimu". Siipendi, ila nimechoka kuifukuza, ikija, nitaipisha. "Kubwa" nitaendelea kuikata kwa wino mwekundu.