Kabla hujamuuliza Mkristo kuhusu Horus na Mithra, soma hii kwanza

Asalaam aleikum. Naandikia nyinyi vijana mnaoanza kulinganisha dini, wale husimama bustani ya Jeevanjee hapa Nairobi saa za lanchi mkisikiza wahubiri alafu mnataka kuwarushia maswali, na wale mko kwa magrupu ya WhatsApp mnajibizana hadi usiku. Krismasi ikikaribia kuna ile picha huzunguka, si mmeiona, Horus, mungu wa Wamisri wa kale, upande huu na Yesu upande ule, ati habari za Yesu zilinakiliwa kutoka kwake, kisha orodha ya wanayofanana: bikira, 25 Desemba, wanafunzi 12, kusulubiwa, kufufuka siku ya tatu. Msiitumie hiyo. Swali lenyewe la kufanana ni zuri na hata Qurani imeligusa, lakini ile orodha ni mbovu na Mkristo aliyesoma kidogo tu atakumaliza nayo mbele ya watu.

Manake ukienda kwa maandishi ya Wamisri wenyewe hukuti hivo. Kuna wimbo wa Osiris, mungu aliye baba wa Horus, umechongwa kwa jiwe la mtu anaitwa Amenmose, una zaidi ya miaka 3,000 na uko Louvre pale Paris, na kuna Plutarch Mgiriki aliyeiandika hadithi yote baadaye. Osiris anauawa na ndugu yake Seth, kwa Plutarch anakatwa vipande 14, mkewe Isis anazunguka akitafuta mwili, na kwa ule wimbo anashika mimba ya Horus kutoka kwa huyo marehemu. Huyo ni mjane aliyebeba mimba ya mumewe, bikira ametoka wapi? Na Osiris mwenyewe harudi kuishi na watu, anabaki kuzimu kuwa mfalme wa wafu. Zile orodha zilivumishwa sana na waandishi wa karne ya 19, kama Mmarekani Kersey Graves mwaka 1875 aliyekuja na waokozi 16 ati wote walisulubiwa, sasa vidio za leo zinanakili tu.

Mithra naye anataka uangalifu zaidi, hapa ndio wengi huteleza. Mungu wa Uajemi mwenye hilo jina ni wa zamani kabisa, karne nyingi kabla ya Yesu, hiyo hakuna ubishi. Lakini zile ibada za Mithras za Kirumi, na mahekalu yao kama mapango na picha ya kumchinja ng'ombe dume, ushahidi wake unaanza kuonekana mwisho wa karne ya kwanza, na barua za Paulo ziliandikwa kwenye miaka ya 50 hivi, kwa hivo ukisema Paulo alinakili kutoka kwa Mithras wa Roma utaulizwa tarehe na utanyamaza. Halafu kwa zile sanamu Mithras anatoka kwa mwamba akiwa tayari kijana, hana mama kabisa.

25 Desemba nitaipitia haraka juu haibebi uzito mnaoipa. Injili hazitaji tarehe. Kuna kalenda ya Roma ya mwaka 354 ambayo ndani yake imo siku ya jua lisiloshindwa na imo pia siku ya kuzaliwa Kristo, zote tarehe hiyo, na wasomi bado wanabishana nani alimfuata nani. Na Waarmenia husherehekea 6 Januari. Sasa hata ukishinda hiyo hoja umeshinda nini, umeshinda kalenda.

Sasa hii ndio kubwa na nataka muishike. Wewe ni Muislamu. Kuzaliwa kwa Isa bila baba ni imani YAKO, iko sura Maryam, iko Aal Imran. Ukisimama hapo ukasema bikira kuzaa ni hekaya ya wapagani, unampiga jirani ngumi kupitia uso wako mwenyewe, na nimeona vijana wakifanya hivi na umati unapiga makofi hakuna aliyeshtuka. Yule asiyeamini Mungu kabisa, na Nairobi siku hizi wako wengi, anawaangalia nyote wawili anacheka.

Kwa hivo uliza ile ambayo Qurani iliuliza. Tawba aya ya 30, kwamba kusema Masihi ni mwana wa Mungu ni kuigiza kauli ya waliokufuru zamani. Hapo ni uwana na uungu, si bikira. Na hapa unaye shahidi wa Kikristo mwenyewe, Justin Mfiadini, karne ya pili, akimwandikia mfalme wa Roma kuwatetea Wakristo, kwa kitabu chake Apologia ya Kwanza sura ya 21 anasema tukisema huyu alizaliwa bila mume, akasulubiwa, akafa, akafufuka, akapaa mbinguni, hatuleti jambo geni kuliko mnayosema nyinyi kuhusu wana wa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Hiyo ina nguvu kuliko picha mia za Horus.

Lakini ujue Mkristo atajibu vipi. Atakwambia Justin alikuwa anaongea na wapagani kwa lugha yao ili wasiuawe, na kwamba sura ya 54 anasema mashetani ndio waliiga mapema. Hilo jibu la mashetani mimi naona ni dhaifu, yeyote anaweza kulitumia kwa chochote. Lile la nguvu ni lingine: mwana wa Mungu ni maneno ya Wayahudi tayari, yako Zaburi ya 2 kwa mfalme wa Israeli, so si lazima utafute Ugiriki. Hapo kuna mjadala wa kweli, kwamba hayo maneno yalimaanisha nini kwa Wayahudi na yakaja kumaanisha nini kanisani.

Na ujiandae yakurudie, uambiwe Qurani nayo inafanana na hadithi za kabla yake. Habari ya Vijana wa Pangoni, wale wa sura Kahf, ilishahubiriwa na Jakobo wa Sarugi, askofu wa Kisiria aliyefariki 521. Isa kuumba ndege wa udongo iko kwa injili moja ya utotoni ambayo kanisa halikuikubali. Gharika iko kwa vigae vya udongo vya Gilgamesh, hekaya ya kale ya Babeli, alivyovisoma George Smith London mwaka 1872. Sisi tunajibu kwamba kila umma ulipelekewa mtume, Nahl aya ya 36, na kwamba habari ya kweli inaweza kubaki hata kwa waliopotoka. Jibu zuri. Lakini ukilitumia wewe mruhusu na yeye, huwezi sema kufanana kwako ni masalio ya wahyi na kufanana kwake ni wizi, bila kuleta sababu ya ziada.

Kuhusu adabu sitaongea sana, Ankabut 46 mnaijua, ile ya kujadiliana na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo nzuri, na wengi wetu hapa tuna shangazi au wajomba Wakristo tunaokula nao Idi na Krismasi.

Anayetaka kuanza leo, Justin na Plutarch tafsiri zao za zamani ziko bure mtandaoni. Soma Justin sura ya 21 na 54, ni fupi, kisha 1 Wakorintho 15 mwanzo, uone Paulo mwenyewe anasema ile habari ya siku ya tatu aliipokea na anaishikiza kwa maandiko. Ukimaliza hizo ndio uende Misri.