Rupia ya babu imegeuka zambarau: maswali yenu kuhusu sarafu za fedha

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliofungua masanduku ya wazee wakakuta sarafu za fedha zimekuwa nyeusi, bluu au zambarau. Wengine wameona mtandaoni sarafu zenye rangi kama hizo zikipiganiwa mnadani kwa maelfu ya dola, na wanataka kujua kama nao wamekalia mali. Tumechagua saba.

"Shikamooni. Babu ametuachia rupia sita za Mjerumani. Mbili zina duara la bluu na zambarau pembeni, nne ni nyeusi tii. Sonara wa Kariakoo anasema atazing'arisha zote kwa siku moja. Nimpe?" (Ilala)

Marahaba. Usimpe hata moja.

Rupia hizo zilitolewa kati ya 1890 na 1914. Zikiwa mpya zilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha tupu. Rangi unayoiona si uchafu, wala si kutu kama ya panga. Ni salfa iliyotoka hewani, kwenye karatasi au kwenye kitambaa, ikaungana na fedha ya juu na kufanya utando mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zikazimana na nyingine zikabaki. Ndiyo yale yale ya mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji ya mvua.

Utando huo basi umetengenezwa kwa fedha ya sarafu yenyewe. Ukiutoa, umetoa na ngozi ya sarafu. Sonara akitumia brashi na unga wa kung'arishia, huacha mikwaruzo myembamba ambayo mnunuzi huiona mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa. Akiitumbukiza kwenye dawa yenye asidi, hata kwa sekunde tano, inalika mistari midogo iliyobaki tangu sarafu ilipopigwa chapa, ile inayofanya mwanga uzunguke kama spoki za baiskeli. Njia ya magadi ya kuokea na karatasi ya alumini hurudisha fedha mahali pake, lakini ikiwa na vinyweleo kama sifongo, hivyo sarafu inabaki nyeupe iliyofifia kama chokaa. Majivu, ndimu, ukwaju na dawa ya meno ni vya sufuria, basi.

Rupia iliyosuguliwa huandikwa kwenye orodha ya mnada kwamba imesafishwa, na neno hilo peke yake laweza kuondoa nusu ya bei. Zile nne nyeusi huenda zisipate nyongeza yoyote kwa rangi yake, maana weusi ni kituo cha mwisho cha safari ya utando. Lakini zikiwa nyeusi bado zinauzika. Zikisuguliwa, hakuna fundi wa kuzirudisha.

"Kwa nini dola ya zamani ya Marekani yenye rangi za upinde wa mvua iuzwe mara kadhaa ya nyeupe iliyo safi?" (Upanga)

Dola unayoizungumzia ni ile inayoitwa Morgan, iliyotolewa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Ina uzito wa gramu 26.73 na fedha asilimia 90. Mamilioni yake hayakuwahi kuguswa na mtu. Yalikaa katika maghala ya serikali ndani ya mifuko ya turubai, dola 1,000 kila mfuko, hadi mengi yake yalipotolewa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sarafu iliyogusana na kitambaa ilinyonya salfa yake taratibu kwa miongo kadhaa. Ile iliyofunikwa nusu na mwenzake ikatoka na rangi yenye umbo la mwezi mwandamo. Nyingine zimebeba alama ya nyuzi za turubai hadi leo.

Kwa hiyo dola nyeupe ya 1881 kutoka San Francisco si adimu hata kidogo. Mwenye pesa akitaka kumi leo atazipata. Lakini yenye rangi ya namna fulani, upande wa kichwa, bila madoa, ni moja tu, hakuna pacha wake. Hapo bei huacha kufuata jedwali la kawaida la bei za sarafu. Ikitokea wapiga dau wawili wameipenda, hupanda mara tatu, mara tano, pengine mara kumi ya nyeupe ya daraja lile lile. Ikitokea mmoja tu, huuzwa kwa nyongeza ndogo, na hata bila nyongeza.

Si kila rangi inalipwa, hata hivyo. Bluu, waridi, manjano na kijani vinavyong'aa hupendwa. Kahawia, kijivu na madoadoa kama ya chui hupunguza bei. Zaidi ya rangi, mng'ao lazima uonekane ukipenya chini yake, la sivyo rangi ni pazia tu. Wanunuzi wa sarafu za makoloni, wengi wakiwa Ulaya na India, wana jicho tofauti kidogo: hupenda utando laini uliosambaa sawasawa, kijivu chenye bluu au dhahabu kwa mbali, na huona upinde wa mvua mkali kama jambo la kutiliwa shaka. Katika hili la mwisho tunakubaliana nao.

"Nitatofautishaje rangi ya asili na iliyopikwa?" (Sinza)

Anza na mpangilio. Utando unaponenepa, fedha hupita rangi kwa zamu: manjano hafifu, chungwa la kahawia, zambarau, bluu, bluu ya feruzi, kisha manjano tena, waridi, kijani, na mwishowe weusi. Kwenye sarafu ya asili utaona zamu hizo zikifuatana kutoka pembeni kwenda katikati, moja ikiyeyukia nyingine. Ukiona bluu iliyokolea imekaa bega kwa bega na fedha nyeupe bila manjano wala zambarau katikati, simama. Kijani kikigusana na nyeupe, simama vilevile, maana kijani hakiji mapema.

Pili, tazama herufi na tarakimu. Rangi ya asili mara nyingi hukwama kidogo kabla ya kufika kwenye ukingo wa herufi, ikaacha ufito mwembamba wenye rangi nyepesi kuizunguka. Iliyopikwa kwa joto au kwa dawa hupanda juu ya herufi bila kubagua.

Tatu, mikwaruzo. Chukua lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Mkwaruzo uliokuja baada ya rangi hukata utando na kuonyesha fedha. Ukiona mamia ya mikwaruzo ya brashi, na rangi imeijaza yote kama wino, sarafu ilisuguliwa kwanza, kisha ikapakwa rangi kuficha aibu. Ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, hasa kwenye rupia zilizochakaa: shavu la Kaisari wa Ujerumani limelika lakini lina bluu ya tausi. Sarafu iliyopita mikono ya watu miaka ishirini haipati bluu hiyo kwenye sehemu za juu kwa kawaida.

Nne, nusa. Kuna wanaofungia sarafu pamoja na yai la kuchemsha, wanaoipitisha kwenye dawa ya salfa, na wanaoioka. Kazi mpya huweza kubaki na harufu.

Fanya yote haya ukiwa na balbu moja ya kawaida, si taa ndefu za dari. Shika sarafu kwa ukingo na kuiinamisha polepole. Picha za mtandaoni usiziamini peke yake. Ongezo kidogo tu la rangi kwenye simu hugeuza kahawia kuwa machweo ya Kigamboni. Omba video, na uangalie kama vidole vya muuzaji navyo vimekuwa vya chungwa.

Kampuni mbili kubwa za kupima madaraja, yaani hali ya sarafu, PCGS na NGC, hutoa alama hadi 70. Zikishuku rangi, huikatalia sarafu daraja safi na kuandika sababu. NGC huongeza alama ya nyota kwa sarafu inayopendeza macho kupita kiasi, na nyota hiyo husaidia mnadani. Lakini hata wao hutoa maoni, si kipimo cha maabara. Sarafu ile ile imewahi kukataliwa na kukubaliwa.

"Rupia kama yangu, ya 1910, iliuzwa dola 600 mnadani. Na mimi nitapata 600?" (Tabata)

Hapana. Bei inayotangazwa baada ya mnada kwa kawaida ina ada ya mnunuzi ndani yake, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Tuseme nyundo iligonga kwenye 500. Ada ya asilimia 20 ni 100, ndiyo 600 uliyoisoma. Muuzaji akikatwa kamisheni ya asilimia 10 kwenye ile 500, anabaki na 450. Toa gharama ya kupima daraja, posta yenye bima kwenda na kurudi, na makato ya benki. Kwa sarafu moja, waweza kujikuta kwenye 350.

Halafu, "kama yangu" ni maneno makubwa. Linganisha herufi ndogo ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg), daraja, na kama iliyouzwa ilikuwa ndani ya kasha lililofungwa. Chukua matokeo manne au matano, tupa la juu kabisa, kwa sababu hilo ndilo la wale wawili waliopandishana. Mmoja wao sasa anayo, na hataki nyingine.

Pima uzito kwanza. Iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikiwa na gramu 10, au ikinaswa na sumaku, ni bandia.

"Nina shilingi za Mfalme George, 1924, zimekuwa kahawia. Zina bei?" (Mbagala)

Ndogo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka hiyo ina fedha robo tu: gramu 7.78 kwa jumla, fedha haifiki gramu 2. Zilizobaki ni metali nyingine, zaidi shaba, ndiyo maana zinageuka kahawia chafu badala ya bluu. Florini ya 1920, yenye fedha nusu, ni habari nyingine, kwa sababu ilitumika muda mfupi kabla ya shilingi kuingia. Ukiwa nayo, tuandikie tena.

"Na reale yenye mama wa kifua kikubwa, 1780?" (Temeke)

Ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Mwaka ulioandikwa juu yake haukubadilishwa. Hata London iliipiga kuanzia 1936 hadi 1961, bado ikiandika 1780. Ina gramu 23.39 za fedha tupu, na nyingi huuzwa karibu na bei ya fedha hiyo. Rangi nzuri ya asili huongeza kidogo.

"Nizihifadhije? Nyumba yetu iko karibu na bahari, na nina zile za twiga na kifaru za 1974 pia." (Kigamboni)

Hewa ya Dar es Salaam ni adui wa fedha: unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, na upepo wa bahari una chumvi, ambayo huleta ukungu wa kijivu, si upinde wa mvua. Ongeza gesi ya shimo la choo na moshi wa jikoni. Kwa hiyo sarafu zisikae jikoni wala karibu na ukuta wa bafu.

Ondoa kwanza vinavyoleta salfa: bahasha za kaki, gazeti, mpira wa kufungia noti, kitambaa cha sufu, boksi la kadibodi. Ondoa pia vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kama pazia jipya la bafu. Hivyo ni PVC, na hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Ute ukishaanza, loweka sarafu kwenye asetoni safi dakika 5, badilisha asetoni, rudia, kisha iache ikauke yenyewe bila kufuta. Asetoni haigusi rangi ya fedha. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai kwa sababu ina mafuta na manukato. Fanya nje, mbali na jiko; inashika moto haraka.

Kisha tia kila sarafu kwenye kasha gumu la akriliki, uyaweke kwenye kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na gramu 50 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu). Silika ikibadili rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 saa mbili, ipoe, irudishe. Wakati wa masika iangalie kila wiki mbili.

Za 1974 (shilingi 25 ya twiga, 50 ya kifaru mweusi), kama zilipigwa maalumu uso ung'ae kama kioo, hapo rangi haikusaidii: anayenunua sarafu ya kioo anataka kioo. Zitoe kwenye sponji ya boksi lake la awali, lakini boksi na cheti usitupe.