Maswali ya umeme: mtambo upo, giza la nini?

SWALI: Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico mwaka 2017, mitambo mikubwa ya umeme iliyo pwani ilinusurika, ila wapo waliokaa gizani karibu mwaka mzima. Inakuwaje?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Tazama ramani. Mitambo ya Costa Sur na Aguirre iko pwani ya kusini; watumiaji wengi wako San Juan, kaskazini. Katikati ni milima, na umeme huivuka kwa laini za kilovolti 230. Upepo wa 20 Septemba ulilaza minara na nguzo hukohuko milimani, ambako hata barabara za kupelekea nguzo mpya zilizibwa na maporomoko.

Halafu kuna shida ya kuwasha. Mtambo wa mvuke uliozima kabisa haujiwashi wenyewe: pampu za maji na feni za tanuri zinataka umeme kwanza, kwa hiyo huanzwa na tabaini ndogo ya gesi au jenereta ya dizeli. Ukiunganisha mitaa mingi kwa pupa, friji na viyoyozi vyote huvuta kwa mkupuo, mtambo unalemewa, masafa ya umeme yanashuka chini ya hetsi 60 za kawaida, swichi za ulinzi zinaukata. Mnaanza upya! Ndiyo maana mitaa huunganishwa kidogo kidogo, hospitali na pampu za maji ya bomba zikitangulia.

Hata baada ya hapo gridi ilibaki dhaifu. Tarehe 18 Aprili 2018 eskaveta iliyokuwa ikiondoa mnara ulioanguka ilisogelea mno laini, kisiwa kizima kikazimika.

SWALI: Maji ya bahari yaliingia dukani hadi usawa wa soketi. Yamekauka siku tatu sasa. Niwashe?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Usiwashe. Maji yameondoka, chumvi imebaki, nayo hunyonya unyevu na kupitisha umeme. Kama meinswichi nayo ilizama, usiiguse. Shirika la umeme likate kwenye nguzo.

Soketi na sakitibreka zilizolowa zitupwe hata zikionekana safi: springi ikishika kutu, breka haitaruka siku ya shoti. Nyaya za kwenye mabomba, fundi azisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, zikauke, achomoe vifaa vyote, kisha apime kwa mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye nyaya. Laini yenye ukinzani ulio chini ya megaomu 1 haiwashwi.

Ukitumia jenereta, usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme wake hurudi hadi kwenye transfoma, ukapandishwa kufikia kilovolti 11, na fundi aliye juu ya nguzo anadhani laini imekufa. Funga chenjiova, swichi inayochagua ama umeme wa shirika ama wa jenereta, si vyote kwa pamoja.