Wasomaji Wauliza: Ni Lipi Huliinua Ombi la Chuo Kikuu?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Nimemaliza KCSE kwa alama ya A-, na ninakusudia kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, Harvard na Yale vikiwamo. Shemeji yangu aliyeko Mombasa ananishauri nikusanye vyeti vya vilabu vyote nilivyojiunga navyo shuleni, kisha nimlipe mtu mwenye Kiingereza kizito aniandikie insha. Vilabuni sikufanya makubwa, kwani tangu kidato cha pili jioni zangu zimekwenda katika kumwekea ami yangu hesabu za mashua yake ya abiria baina ya Mokowe na hapa Amu. Je, ombi langu litaonekanaje miongoni mwa mengi? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Hizo hesabu za mashua, ulizozitaja kana kwamba unaomba radhi, ndizo ningezitanguliza. Fomu ya Common App, yaani fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, ambayo Harvard na Yale huipokea, ina nafasi ya shughuli 10 tu, na maelezo ya kila moja hayapiti herufi 150; na katika aina za shughuli zilizotajwa na fomu yenyewe imo kazi ya malipo na yamo majukumu ya kifamilia. Anayelea wadogo zake wakati mama yuko sokoni ana la kujaza hapo sawa na nahodha wa timu ya mpira.

Alama yako ni njema na bila alama za namna hiyo ombi halifiki mbali, lakini vyuo hivi hukubali waombaji wasiofika 10 katika kila 100, na wengi wa wanaokataliwa nao walikuwa wa kwanza shuleni kwao. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 Harvard na Yale zilitangaza kurudisha sharti la mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani kama SAT, ambayo haihusiani na KCSE; soma masharti ya kila chuo mapema, kwa kuwa hayafanani.

Kinachomtenga mwombaji ni kuonyesha alichokifanya kwa vilivyokuwa mikononi mwake, na kikabadilisha nini. “Mwanachama wa klabu ya mazingira” ni maneno ambayo afisa wa udahili huyapita bila kusimama. Lakini tuseme daftari lako lilitenganisha mafuta, nauli na matengenezo, ukaona kwamba safari fulani za mchana zilikula mafuta kuliko zilivyoleta nauli, ukamweleza ami naye akabadili saa za kuondoka: hilo linaingia katika herufi 150 na bado linamwonyesha mtu anayefikiri. Iwapo ami alikataa ushauri wako, mabishano yenu huenda yakazaa insha nzuri zaidi. Vyeti vya vilabu usivyovitumikia viache kabatini.

Kuhusu mtu wa kukuandikia, jibu langu ni hapana. Unapotuma ombi unathibitisha kwamba kazi ni yako, na chuo kina haki ya kufuta nafasi kikigundua vinginevyo. Tena insha kuu, isiyozidi maneno 650, husomwa pamoja na majibu yako mafupi na barua za walimu, kwa hiyo sauti ya kukodi hujulikana kwa urahisi. Usiijaze sifa za mji pia. Kwamba Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001 afisa anaweza kulisoma popote; mzozo wako na ami juu ya lita tano za petroli hawezi kuusoma kwingine.

Barua za walimu hupuuzwa mno kwetu. Harvard na Yale hutaka barua za walimu wawili pamoja na ripoti ya shule, na mwalimu mwenye darasa kubwa, akiachiwa peke yake, ataandika kwamba wewe ni mtiifu na mwenye bidii, sifa ambazo hazimtofautishi yeyote. Mpelekee ukurasa mmoja unaomkumbusha swali ulilomsumbua nalo, au kazi uliyoirudia bila kuambiwa.

SWALI: Mwalimu, je, kuomba msaada wa karo kutampunguzia binti yangu nafasi ya kukubaliwa? (Mzazi, Malindi)

JIBU: Inategemea chuo, ndugu yangu. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua, hata kwa mwanafunzi wa kigeni. Vyuo vingi vingine huuangalia, kwa hiyo orodha ya binti isijengwe kwa majina ya sifa peke yake. Kama kipato chako ni cha uvuvi au duka dogo na huna hati ya mshahara, andika barua ya kueleza mapato ya msimu wa kusi na ya kaskazi, kisha ukiulize chuo chenyewe ni vielelezo gani vinakubalika. Binti ajihadhari pia na ombi la mapema linalomfunga kujiunga akikubaliwa, ambalo tarehe yake ya mwisho mara nyingi ni 1 Novemba: akijifunga huko hatapata fursa ya kulinganisha msaada wa chuo kimoja na kingine, na kwa familia inayotegemea msaada huo, ulinganisho huo una uzito mkubwa.