Breki za magurudumu kwenye jostiki bila pedali: mimi naziweka hivi

Mkuu uliyeuliza kwa nini Cessna yako ikitua inavutwa kushoto ukibonyeza breki, na kama jostiki isiyo na pedali za miguuni inaiweza kazi hiyo: inaiweza, tena vizuri. Mimi hapa Dar narusha FlightGear na X-Plane, programu za kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, kwa jostiki ya mtumba ya Kariakoo. Pedali sina, na kwa bei zile sina mpango nazo.

Breki za ndege zinajitegemea, gurudumu la kushoto na yake, la kulia na yake. Kwa hiyo tenga vitufe vitatu. Triga (kitufe cha kidole cha shahada) naipa zote mbili kwa pamoja, halafu vitufe viwili vya kidole gumba nagawa kushoto na kulia. Hivyo viwili usividharau. Kwenye Cessna 172, pedali za usukani peke yake zinageuza gurudumu la mbele kama digrii 10 tu. Ukisaidia na breki ya upande mmoja linafika 30. Kwa Cirrus SR22 ndiyo kabisa, gurudumu la mbele linajizungukia lenyewe, bila breki hukati kona ukienda taratibu.

Sasa huko kuvutwa. Nahisi kitufe chako umekipa breki ya kushoto pekee. Fungua faili la XML la jostiki yako ndani ya FlightGear, lile la maandishi linalosema kila kitufe kifanye nini. Triga iwe controls.applyBrakes(1), kushoto (1, -1), kulia (1, 1). Kisha kila kitufe kiwe na mod-up (amri ya pale unapokiachia) inayorudisha 0 kwa upande huohuo. Wengi wanairuka hiyo mod-up, breki inabaki imeshika hata ukiachia. X-Plane haina usumbufu huo: chagua amri yenye neno Hold (breki inashika ukiwa umebonyeza tu), achana na Toggle (bonyeza inashika, bonyeza tena inaachia).

Kitufe hakijui nusu breki, kwa hiyo gonga uachie, gonga uachie, jostiki ukiwa umeivuta nyuma. Ukitua njia namba 05 pale JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, njia ni ndefu, Cessna itapungua yenyewe, haraka ya nini?

Kuna watakaokwambia uweke breki kwenye slaidi ya nguvu ya injini. Sishauri. Slaidi hairudi yenyewe, na vumbi likiingia usomaji unarukaruka, unagusa chini magurudumu yameshajifunga. Ukilazimika, weka eneo lisilosomwa mwanzoni mwa slaidi, na hakikisha haijageuzwa kinyume.

Ikigoma bado, bandika hapa hiyo XML yako tuione.