300Tdi imezimika ghafla mlimani: usifungue silinda hedi kwanza

Ndugu yangu, pole sana. Umesema Land Rover Defender yako yenye injini ya dizeli ya 300Tdi ilizimika ghafla mlimani, na sasa stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida. Hiyo ni dalili ya mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu) kukatika. Acha kupiga stata kabisa, kila mzunguko unaongeza uharibifu.

Kwenye injini hii pistoni zikigonga valvu, mara nyingi pushirodi (fimbo nyembamba zinazosukuma roka, yaani mikono inayofungua valvu) ndizo zinazopinda kwanza, na ndizo huokoa valvu. Fungua kava ya juu, toa shafti ya roka, chomoa pushirodi zote 8 ukizipanga kwa mfuatano wake. Viringisha kila moja juu ya kioo. Iliyopinda itacheza tu.

Kagua roka kama zina nyufa. Halafu hesabu vile vikofia vidogo vinavyokaa juu ya shina la valvu. Tafadhali usipuuze hili! Kikikosekana kimoja, kitafute hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Weka rula juu ya mashina: lililo chini kuliko wenzake valvu yake imepinda, hapo silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) lazima ifunguliwe.

Kama mashina yote yako sawa, badilisha pushirodi, funga mkanda mpya kwa alama zake, seti tapeti (nafasi kati ya roka na valvu) 0.20 mm injini ikiwa baridi, kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Ndani ya kava ya mkanda ukikuta oili au vumbi jingi la mpira, tibu chanzo hicho kabla hujafunga.